Nimepata nafasi kwenye meli ya utafiti, Dar mpaka Port Louis. Maisha ya mle ndani yakoje?

binti_wa_Kirumba
Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Niko mwaka wa pili masters ya sayansi ya bahari, nimekulia Mwanza kwahiyo maji nimeyazoea ila ni maji ya ziwa, huku baharini safari yangu ndefu kabisa ni boti ya Dar Zanzibar. Sasa nimechaguliwa kwenda na meli ya utafiti, tunapanda Dar mwezi wa kumi, tunapima kwanza kwenye maji ya Tanzania afu tunakata bahari kuelekea Saya de Malha, lile eneo la kina kifupi katikati ya bahari kuu, mpaka Mauritius, tunashukia Port Louis. Wiki tano hivi. Barua imekuja na orodha ya vyeti tu, cheti cha afya, kadi ya homa ya manjano, kozi ya usalama, ila hakuna aliyeniambia siku inaendaje mle ndani.

Naomba mnisaidie, kulala kukoje, kula, zamu, kutapika, na mwanamke akiwa mle kati ya wanaume wengi anaishije. Mwenzangu tunayeenda nae ni Muislamu, yeye ana wasiwasi na chakula na kusali. Mama yangu swali lake ni moja tu, maharamia. Msinifiche kitu nawaomba.

fundi_winchi
Dadangu hongera sana, hiyo nafasi watu wanaitafuta miaka. Mimi niko Mombasa, kazi yangu ni deki, winchi na vyombo vinavyoshuka majini, nimefanya kwa meli kadhaa za utafiti hizi pande zetu pamoja na RV Mtafiti ya KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ya Kenya, ile tulipewa na Ubelgiji ikiitwa Zeeleeuw zamani. Acha nikueleze siku inavyokwenda.

Kitu cha kwanza, meli haizimi. Siku yake haianzi asubuhi wala haiishi usiku, inahesabiwa kwa vituo. Mnafika kituo, meli inasimama, vyombo vinashuka, vinapanda, mnaondoka kwenda kituo kingine, iwe mchana iwe saa tisa ya usiku. Kwahivyo watu wanagawanywa zamu. Kuna meli zinafanya kazi masaa 4 mapumziko 8, kuna zingine ni masaa 12 kwa 12, yani zamu moja inaingia saa sita mchana inatoka saa sita usiku, ingine inapokea hapo. Ukipewa ya usiku usinung'unike, usiku ndio bahari ina mambo. Jua likianza kuzama angalia skrini ya eko-saunda, ile mashine inayopima kina kwa mwangwi wa sauti, utaona kama utando mzima unapanda kutoka chini kuja juu, hao ni kamba wadogo na samaki wadogo wenye vitaa mwilini na viumbe vingine chungu nzima, wanakuja kula juu usiku na alfajiri wanashuka tena. Kila siku. Neti ikishuka saa hizo inarudi na vitu ambavyo mchana huvioni. Na taa za meli zinavuta ngisi mpaka ubavuni, unawaona kwa macho.

Chombo utakachokaa nacho zaidi ni CTD. Ni fremu kubwa ya chuma, katikati vipimo vya joto, chumvi na kina, pembeni zimezungushwa chupa, nyingi zinakuwa 24 za lita 10 kila moja. Tunaishusha na waya, mwendo ni kama mita 1 kwa sekunde, sasa piga hesabu, mita 1000 ni dakika 17 kushuka, kupanda tunasimama kila kina mnachotaka ili chupa ifungwe, kwa jumla kama saa moja. Kituo cha mita 4000 ni masaa matatu na zaidi. Mtu wa skrini yuko ndani anasoma kina, mimi niko kwa winchi, tunaongea kwa redio. Ikifika juu ndio kazi yenu wanafunzi inaanza, na hapo kuna mpangilio haubadilishwi, maji ya oksijeni yanatolewa kwanza kabisa na bila kapovu hata kamoja, afu virutubisho, klorofili, chumvi huko mwisho. Kama kuna mtu anavuta sigara akae mbali na sampuli za virutubisho, moshi na mikono yake vinaharibu kipimo cha amonia. Nawe kama umejipaka losheni vaa glavu.

Yale maji yakitoka chini ni baridi hasa. Usiku wa joto, jasho linakutoka, unashika chupa iliyotoka mita 4000 ambako ni chini ya nyuzi 2. Watu wote wanataka kuishika.

Kwa deki hakuna sandali, ni buti, helmeti na laifujaketi, na waya ukiwa unavuta usisimame kwa mstari wake hata sekunde. Hilo silichezei na mtu yeyote. Siku ya kwanza mtafanya zoezi la dharura, king'ora kinalia mnakusanyika mahali penu, mnajaribu yale masuti ya kuokolea, kwa joto letu ni moto mle ndani lakini livae mpaka mwisho ujue zipu yake inafungwaje.

MamaPlankitoni
Hongera mdogo wangu. Mie niko Unguja, kazi yangu ni plankitoni, yani vidudu vya majini, nimesafiri kabla sijaolewa na nimesafiri tena baada ya kuzaa, kwahiyo la wanawake nikujibu mie.

Kabini mnalala wawili, mwanamke na mwanamke mwenzake, kitanda juu kitanda chini, kina pazia lake. Meli nyingi choo na bafu vimo humohumo ndani. Mwenzio anaweza kuwa na zamu kinyume na yako, yeye analala we unafanya kazi, kwahiyo kabla hujatoka weka nguo zako na tochi mahala utapoziokota gizani bila kuwasha taa. Usingizi wa mtu melini unaheshimiwa kuliko kitu chochote, mlango unaufunga kwa mkono polepole, hauuachii. Mie ningekwambia usingizi ndo jambo la kwanza kulilinda, kuliko hata chakula, maana baada ya wiki mbili watu wanaanza kukosea kuandika lebo na kujibizana ovyo na ukichunguza ni kukosa kulala tu. Ukimaliza zamu nenda ukalale. Usikae kuangalia muvi na zamu ya pili kwa kuwa wanacheka.

Kuhusu wanaume, meli za siku hizi zina kanuni za mwenendo mnazisaini mwanzoni, soma jina la mtu wa kupelekewa malalamiko na ulishike. Mtu akikuletea maneno yasiyofaa usingoje mpaka bandarini, nenda kwa kiongozi wa safari au kwa kapteni siku ileile, mle ndani mko mahali pamoja wiki tano huna pa kumkwepa. Mie nasema hivi kwa uzito kwasababu wasichana wengi hunyamaza wakiogopa kuonekana wasumbufu na nafasi ijayo wasiitwe. Haki yako kufanya kazi ukiwa na amani. Na pedi chukua za safari nzima na ziada, katikati ya bahari hakuna duka.

Sasa kigegezi. Mwezi wa kumi kusi inakuwa imeshalegea huku kwetu, mtaanza taratibu, lakini mkishaiacha pwani mkaenda mashariki kule pepo za kusini mashariki bado zipo na mawimbi yake marefu, meli itacheza. Dawa inakunywewa kabla, si ukishaanza kutapika, muulize mfamasia ile ya sinarizini au nyingine inayokufaa, uijaribu nchi kavu kwanza maana zengine zinalevya usingizi. Kula kidogo kidogo vitu vikavu, mkate mkavu, biskuti za chumvi, usiache tumbo tupu ndo linachafuka zaidi. Tangawizi beba ya unga. Ukizidiwa toka nje uangalie mstari wa mbali bahari na mbingu vinapokutana, au shuka chini katikati ya meli ambako kunayumba kidogo kuliko huko omo, mbele ya meli. Maikroskopu siku mbili za mwanzo iache. Wengi mwili hukubali baada ya siku mbili tatu, na ambao haukubali wapo vilevile na si udhaifu, wanajulikana na wanapangiwa kazi za nje kwenye hewa.

Nenda kwa daktari wa meno kabla hujapanda, hilo wengi hawalifikirii. Jino likiuma huko katikati hamgeuzi meli kwa ajili yake.

binti_wa_Kirumba
Asanteni sana jamani nimesoma mara mbili mbili. Dada MamaPlankitoni hilo la meno kweli sikulifikiria, kesho naenda. Bado la mwenzangu, kibla na chakula, na la mama.

baharia_Kojani
Assalaam alaykum. Mimi ni mtu wa jikoni, nimepikia meli za mizigo na sasa za utafiti.

Chakula mwambie mwenzio asingoje kupanda. Ile fomu ya chakula anayojaza kabla ya safari aandike halali na aandike kama anakula samaki, sisi jikoni tunaagizia bandarini, mkishatoka hakuna pa kuongeza. Samaki na mboga na mayai zipo siku zote, hakai na njaa. Milo inatoka kwa saa maalum na zamu ya usiku inawekewa sahani zake zimefunikwa, ziandikwe jina. Wiki mbili za mwanzo mtakula saladi na matunda, baadae majani yanakwisha inabaki kabichi, karoti, vitunguu, viazi, mapera ya kizungu yale magumu. Meli ya kigeni ugali usitegemee, mchele upo. Njooni na pilipili yenu na majani ya chai mnayoyapenda, na mkija jikoni kusalimia na kuosha kikombe chenu wenyewe tutapendana sana. Mpishi ndie mtu anaeona sura ya kila mmoja kila siku, mimi najua nani hajala tangu jana.

Kibla sasa. Simu yako dira yake ndani ya meli usiiamini, chuma kitupu pande zote. Nenda daraja la nahodha, pale meli inapoongozwa, uombe kwa adabu mwelekeo wa Makka, wanaona kwenye skrini meli ielekeapo, wanakupa. Mkiwa Dar kibla ni karibu kaskazini moja kwa moja, mkifika Saya de Malha kimeshahamia kaskazini magharibi, na meli ikigeuka we umo kwenye sala, maadam umeanza vizuri endelea. Nyinyi ni wasafiri, kupunguza na kukusanya kupo, zamu ikikubana adhuhuri unaijumuisha na alasiri. Akitaka utulivu asali pale mnapokuwa mmesimama kituoni.

Na mama umwambie hivi. Njia yenu ni ya kusini mashariki, mnaiacha Somalia nyuma. Lile eneo la hatari ya maharamia walilolichora wenye meli lilifutwa tarehe 1 Januari 2023. Simfichi, mwisho wa mwaka huohuo meli ya mizigo MV Ruen ilitekwa na maharamia, jeshi la maji la India likaikomboa Machi 2024, kwahiyo nahodha bado wanafuatilia taarifa kila siku na njia inapangwa kwa kuzitazama. Mwanawe hatakuwa na watu wanaobahatisha.

Mtandao wa simu unakatika muda si mrefu mkitoka. Siku hizi meli nyingi zina intaneti ya setilaiti, tena baadhi zina Starlink, lakini mnagawana watu wengi na kuna siku kiongozi anaizuia data za kazi zipite. Mpangie mama ujumbe wa sauti mara moja kwa siku saa unayotoka zamu, asizoee kupiga.

mwalimu_wa_mikoko
Wenzangu wameshamaliza ya maisha, mimi niongeze mawili ambayo nayaona makubwa.

La kwanza ni saa. Daftari la meli linaandikwa kwa saa ya UTC, ile saa moja ya dunia nzima. Kwenye kuta kuna saa ya meli, na mkielekea Mauritius itasogezwa mbele saa moja. Na kichwani mwako kuna saa yetu ya Kiswahili. Chukua mfano, kituo kinaanza saa tatu usiku mkiwa bado kwenye maji ya Tanzania, saa ya meli inasema 21:00, UTC ni 18:00. Umechoka, mtu anakuuliza kwa Kiswahili unajibu tatu, mwingine anaandika 03:00. Sampuli hiyo imehamia usiku mwingine kabisa na mtu atakayeichambua baada ya miaka miwili hatajua kwanini klorofili haikai sawa. Nunua saa ndogo ya mkononi ya bei rahisi, iweke UTC, usiiguse mpaka Port Louis. Lebo iandikwe kwa penseli au kalamu isiyofutika kabla chupa haijalowa, namba ya kituo, kina, namba ya chupa. Meli kubwa inagharimu makumi ya maelfu ya dola kwa siku, kituo kilichoharibika hamrudi.

La pili, na hili nakuomba ulishike. Usikubali kuwa mgeni mle ndani. Nimeona vijana wetu wanapanda, wanapewa jina la mwangalizi, wanapiga picha, wanasaidia kubeba ndoo, wanashuka hawana hata faili moja. Si kwamba wamenyimwa, mara nyingi hawakuomba na hakuna aliyewaambia kuwa wanaweza kuomba. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, kifungu cha 249, unasema nchi ya pwani ambayo utafiti unafanyika kwenye maji yake ina haki ya kushiriki, kuwa na watu wake melini, na kufikia data na sampuli zote. Hiyo siyo hisani. Kwahiyo wiki ya kwanza tu nenda kwa kiongozi wa safari na karatasi moja, swali lako la utafiti ni nini, unahitaji vituo gani, vipimo gani, uombe zamu kamili kama wengine na ukubaliane nae data utazipata kwa mfumo gani na lini. Wengi wanafurahi kabisa, wanapenda mtu aliyekuja na swali.

Na hapo Saya de Malha usije ukalala. Ni kipande kikubwa cha bahari ya kina kifupi katikati ya bahari kuu, kama kilomita za mraba 40,000, kuna nyasi bahari zimetandaa mbali na nchi kavu yoyote, sakafu yake Mauritius na Ushelisheli wanaisimamia pamoja tangu 2012. Mmetoka kwenye maelfu ya mita za kina afu chini panapanda hivihivi mpaka sehemu zingine ni makumi ya mita tu. Meli ya Dr Fridtjof Nansen ilikwenda kupima pale 2018, ile inayopeperusha bendera ya Umoja wa Mataifa, na mpango wenyewe wa Nansen unazunguka bahari za nchi zetu tangu 1975. Watanzania waliokanyaga pale ni wachache, wewe utakuwa mmoja wao, sasa uje na kitu cha kuandika.

MamaPlankitoni
Namuunga mkono mwalimu kwa yote. Mdogo wangu data zako nakili sehemu mbili, diski moja ibaki kabini nyingine utembee nayo kwenye begi la mkononi siku ya kushuka. Na sampuli zako za kubaki kwenye friza ulizia mapema kibali cha kuzitoa Mauritius kuja huku, hiyo karatasi inachukua muda kuliko safari yenyewe.

fundi_winchi
Nimesahau, beba vile vikombe vyeupe vya foam. Ni desturi kwa meli nyingi, mnavichora majina na rangi, tunavifunga kwa mfuko wa wavu kwa CTD vinashuka nayo kituo kirefu. Kwa mita 1000 mgandamizo ni kama mara 100 ya huku juu, hewa yote inatolewa, kikombe kinarudi kidogo kama cha kahawa na maandishi yako yamo yote yamekaza. Chora cha mamako. Lakini uliza kwanza kama wakati upo, na visikae karibu na chupa.

mtoto_wa_Chumbageni
Samahani nawaingilia, mimi niko Tanga nimemaliza digrii ya uvuvi mwaka jana, nafasi kama hizi mnazipataje? Kila nikisoma naona watu wameshachaguliwa.

mwalimu_wa_mikoko
Kijana, nyingi hazitangazwi kama ajira. Safari za Nansen majina yanapelekwa na taasisi za nchi, kwahiyo uwe unajulikana TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi Tanzania, nenda uombe kujitolea hata kwenye kupima samaki mwaloni, wanahitaji mikono na ndio watu wanaoulizwa wakati nafasi ikija. Pili jiunge WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari wa magharibi mwa Bahari ya Hindi, ofisi yao iko Zanzibar, matangazo ya mafunzo na ruzuku za utafiti kama MARG yanapita kwao. Tatu kuna POGO, umoja wa taasisi za utafiti wa bahari duniani, wana ufadhili wa kupanda meli kwa vijana wa nchi zinazoendelea, unaomba mwenyewe mtandaoni, wanataka barua ya mwalimu wako na maelezo mafupi ya utakachofanya. Nne mtandao wa vijana wa IIOE-2, ule mradi wa pili wa kimataifa wa Bahari ya Hindi ulioanza mwisho wa 2015, wanatumiana nafasi. Pasipoti iwe tayari na kozi ya usalama fanya DMI, chuo cha mabaharia Dar, ukipata hela, mara nyingi nafasi inaachwa na mtu dakika za mwisho na anachukuliwa yule ambaye karatasi zake zimeshakamilika.

binti_wa_Kirumba
Mwalimu nimeandika ile karatasi moja usiku huu, oksijeni kutoka mlango wa Pemba mpaka Saya de Malha kwa kina cha mita 200 hadi 1000. Naweza kukutumia uiangalie kabla sijampelekea msimamizi wangu?

mwalimu_wa_mikoko
Tuma. Weka na ramani ya vituo kama mmeshapewa.